Ningepewa nchi, ningeanza na daftari

Mstaafu wa Wete

Asalaam aleikum wanabaraza.

Juzi baada ya laasiri kijana mmoja kaniuliza hapa Wete: "Balozi, wewe uliyezunguka dunia, ungepewa nchi ungeanza na nini?" Barazani watu wakacheka, mie nikainywa kahawa yangu kwa kashata nikanyamaza. Nimekuja kumjibu humu mtandaoni, mnapojadili vipaumbele vya nchi, kwa sababu pale palikuwa na mchezo wa dhumna, na penye dhumna maneno hayafiki.

Kwanza nimsahihishe. Sikuwahi kuwa balozi. Kwetu ukishafanya kazi ubalozini, hata kama ulikuwa ukigonga mihuri ya viza, utaitwa balozi mpaka unaingizwa kaburini. Mie nilisoma Utaani, nikapita Chuo cha Diplomasia Kurasini, nikaajiriwa 1984 nikiwa katibu wa tatu, nikastaafu 2016 nikiwa mshauri. Mara mbili nilikaimu wakati balozi hayupo, na mara zote mbili nilikuwa nikiomba arudi upesi. Vituo vilikuwa vinne. Sitavitaja, pensheni yangu ni ndogo lakini naipenda.

Sasa kisa. Kituo changu cha pili kilikuwa Asia, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mfanyabiashara mmoja wa viungo akaomba miadi, anataka habari za karafuu. Balozi akaniita: "Mpemba, haya mambo ya kwenu." Nikafurahi, nikavaa suti nzuri. Kwenye kabati la wageni palikuwa na chupa ya kioo yenye karafuu zetu, imefungwa utepe. Nikaipangusa vumbi nikaiweka mezani, pembeni brosha yenye picha ya Beit el-Ajaib.

Yule bwana hakuitazama brosha. Akafungua chupa, akatoa karafuu moja, akaiminya kwa ukucha wa dole gumba. Sisi tuliokulia kwenye mikarafuu twajua: karafuu nzima ukiiminya hutoa mafuta. Ile haikutoa kitu. Akaivunja kati, akainusa, akairudisha chupani kwa adabu zote. Kisha akaanza kuuliza. Hizi zilikaushwa kwa jua au kwa tanuri? Zina unyevu kiasi gani? Kwenye kila gunia makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanabaki mangapi? Mwaweza kunipa tani ngapi kila mwezi kwa mwaka mzima, ubora ule ule? Na la mwisho: nikirudi nyumbani, barua nimwandikie nani, jina lake na anwani?

Maswali matano. Nikamjibu kwamba Zanzibar ni kisiwa cha karafuu chenye historia ndefu. Akamaliza chai yake, akasema ahsante, akaenda zake.

Usiku ule sikulala, na kilichoniuma si aibu ya kazi. Mamangu, Allah amrehemu, hakusoma skuli hata siku moja, lakini angekuwa pale kitini angemjibu mawili au matatu. Alikuwa akikaa kwenye jamvi usiku wa msimu, kibatari pembeni, anachambua: kishada kimoja kiganjani, anakipindua, karafuu huku, makonyo kule, bila kutazama. Kujua kama zimekauka hakuhitaji mashine. Alichukua moja akaivunja karibu na sikio. Ikikatika kavu, zinaingia guniani. Ikijikunja, kesho zinarudi juani. Elimu ile ilikuwepo Pemba nzima, kila nyumba. Ubalozini haikuwepo hata karatasi moja yake.

Asubuhi nikapeleka teleksi nyumbani kuomba takwimu. Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Bahasha nene, nikaifungua kwa hamu. Ndani mlikuwa na brosha ile ile, nakala ishirini.

Naendelea, acheni nikaswali.

MtuWaDarajani

Mzee shikamoo. Kisa kitamu lakini nikuulize bila kukuvunjia heshima. Miaka 32 umekula posho za ughaibuni, watoto wamesoma huko, leo umestaafu ndiyo waja kutwambia nchi haina takwimu? Ulipokuwa ndani ulisema nini?

Bint Jambiani

Mwache mzee amalize bwana, kenda kuswali.

Mstaafu wa Wete

Marahaba mwanangu wa Darajani. Swali lako ni la haki na nilikuwa nikilingojea.

Niliandika ripoti moja, kurasa tatu. Nikaeleza kwamba zamani Indonesia ndio waliokuwa wanunuzi wetu wakubwa, karafuu inakwenda kwenye sigara zao. Kisha wakapanda mikarafuu yao kwa wingi, kufika miaka ya themanini wanajitosheleza, na bei ikaanguka tukabaki na magunia ghalani. Jambo lile halikutokea usiku mmoja. Mkarafuu unachukua miaka sita, saba, hata zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Maana yake kuna miaka mizima ambayo mtu aliyekaa Jakarta na daftari angeweza kuiona ile miche ikikua, akaandika nyumbani: jamani, hawa wateja wetu wanapanda. Hilo ndilo niliandika. Nikapendekeza kila kituo kiwe na mtu wa kufuatilia bei, mazao ya washindani, na majina ya wanunuzi.

Ripoti ikarudi na muhuri: imeonekana. Ikaingia jaladani.

Sikuandika ya pili. Watoto walikuwa skuli, kodi ya nyumba ilikuwa ikichelewa miezi, mwenye nyumba ananivizia mlangoni, na nilijua anayeandika sana huitwa nyumbani mapema. Sitajitia ushujaa nisiokuwa nao. Umenikamata, na nimekamatika.

Kijana wa Konde

Babu shikamoo. Mie nipo shamba Micheweni huku, msimu umeingia, twachuma. Naomba nikupinge kidogo. Takwimu za nini wakati karafuu mnunuzi ni mmoja tu? Nikiuza kwengine naitwa mtu wa magendo. Huyo bwana wa Asia hata ungempa jibu asingekuja kwangu.

Mstaafu wa Wete

Marahaba mjukuu wangu. Ni kweli, mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, tangu 1968, na sheria ni sheria. Lakini wewe ni wa Konde, magendo huhitaji kufundishwa na mie. Bei ilipokuwa chini, majahazi yalikuwa yakiondoka usiku kuelekea Shimoni, Kenya, na askari hawakuweza kuyamaliza. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 bei ya mkulima ikapandishwa mpaka ikapita shilingi 10,000 kwa kilo, na watu wenyewe wakapanga foleni vituoni na magunia yao. Bunduki hazikufanya hivyo, hesabu ilifanya: mtu alikaa akapiga kwamba tukimpa mkulima sehemu kubwa ya bei ya dunia, magendo hayatalipa.

Basi hata mnunuzi awe mmoja, lazima ajue anachonunua. Na wewe lazima ujue unachouza, ili siku akikwambia hii ni daraja la tatu umuulize kwa kipimo gani.

Mwana wa Malindi

Wazee mnazunguka tu. Tatizo letu Wazanzibari ni kwamba mambo ya nje ni ya Muungano. Tulijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, Desemba 1992, Agosti 1993 tukatolewa. Machi 2017 tukapewa uanachama CAF, shirikisho la soka la Afrika, Julai tukavuliwa. Nchi isiyo na kiti itajadiliana na nani?

Mstaafu wa Wete

Tarehe zako ziko sawa na uchungu naujua. Mie nimekaa meza moja na watu waliokuwa wakiniuliza "Zanzibar ni nchi?" nikatabasamu tabasamu la itifaki, lile la meno ya mbele tu.

Lakini udogo na ukosefu wa kiti naona tumevifanya shuka la kujifunikia. Zanzibar ya 1964, kisiwa cha watu wachache, iliitambua Ujerumani Mashariki wakati karibu dunia yote isiyo ya kikomunisti inaiogopa Bonn, yaani Ujerumani Magharibi. Wale wa Mashariki wakafungua ubalozi hapa Unguja, na mkipita Michenzani mwaona majumba yao mpaka leo. Kisha ukaja Muungano Aprili ile ile, na kitu kile kikawa mzozo kwa Mwalimu Nyerere: Bonn wanamwambia afunge, Berlin wanamwambia abakishe. Mwaka 1965 akaruhusu ubalozi mdogo wa Mashariki uwepo Dar es Salaam, Bonn wakaondoa msaada wao wa kijeshi, naye akawaambia wachukue na uliobaki. Mataifa mawili ya Ulaya yaligombana kwa ajili ya kisiwa ambacho kwenye ramani kinafunikwa na kidole. Hatukuwa wakubwa. Tulikuwa na kitu wanachokitaka na tulikijua.

Na kiti, wangapi walikikalia vizuri! Salim Ahmed Salim, Mzanzibari mwenzetu, alikuwa balozi Cairo akiwa na miaka 22. Oktoba 25, 1971, alikuwepo New York kura ya kuirudishia China kiti chake ilipopita, 76 kwa 35. Kura hazidondoki kama maembe. Kuna mtu anakwenda kwa huyu, anarudi kwa yule, anatia alama, anajua wangapi wameahidi na wangapi waongo. Mwaka 1981 alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu na China ikamzuia Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwepo, duru baada ya duru. Sie vijana tulikuwa tumeikalia redio mpaka betri zinaanikwa juani zipate nguvu. Nilijiunga na kazi ile kwa sababu yake, nadhani nusu ya Wapemba wa rika langu tulijiunga kwa sababu yake.

Mwana wa Malindi

Betri juani! Mzee umenikumbusha mbali. Lakini hujanijibu kuhusu kiti.

Mstaafu wa Wete

Sijakujibu na sitakujibu, ni mjadala wa katiba, nao una uzi wake. Ninachosema, hata tungepewa kiti kesho asubuhi, yule bwana wa karafuu angerudi na maswali yake matano.

Bint Jambiani

Mzee shikamoo, na mie niseme. Nalima mwani. Mamangu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo, biashara ilipoanza upande huu wa mashariki 1989. Kuna aina mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei, nayo ndiyo inayokufa, maji yamekuwa moto, yanaipiga inageuka nyeupe inaoza mikononi. Tumebaki na spinosum ya bei ya chini.

Sasa unasema hatuna daftari. Sie tunalo! Kila mwaka waja watu na dodoso. Wazungu, wa chuo, wa mradi. Wanatukuta majini bamvua limetoka, magoti ndani ya maji, wanauliza: mama, umevuna kilo ngapi, kamba ngapi, zimekufa ngapi, una watoto wangapi. Tunawajibu. Mie nimejibu si chini ya mara kumi. Wanaandika, wanatupiga picha, wanakwenda. Hakuna hata mmoja aliyerudi kutwambia majibu yetu yalisema nini. Ungekwenda Ulaya, nadhani ungekuta hesabu ya kamba zangu kwenye kabati la mtu.

Mstaafu wa Wete

Binti yangu, umenishinda. Nimesoma mara mbili.

Nikiwa kituo changu cha tatu niliwahi kwenda maktaba ya chuo kikuu kimoja kutafuta kitu kingine kabisa, nikakuta rafu nzima kuhusu Pemba. Ramani za udongo, ndege, popo, jamii zetu, hata jinsi tunavyojenga nyumba za udongo na boriti. Nikakaa sakafuni nikasoma mpaka wanazima taa. Nilikuwa najijua mwenyewe kwa mara ya kwanza, kwa lugha ya watu, kwenye baridi. Nilitaka kuazima kitabu kimoja, nikaambiwa wageni hawaazimi.

Kwa hiyo narekebisha nililosema: daftari lipo. Halikai kwetu.

MtuWaDarajani

Nami nirekebishe langu, mzee, nilikuja kwa ukali. Ila sensa ya 2022 si imefanywa? Zanzibar watu 1,889,773, mpaka yule wa mwisho kahesabiwa. Serikali inahesabu.

Mstaafu wa Wete

Inahesabu vichwa, na ile sensa niliipenda, karani alikuja kwangu na tableti akaniuliza mpaka choo cha aina gani. Heko.

Lakini kuna kuhesabu kwa mara moja kila miaka kumi, na kuna kuhesabu kwa kila siku. Nitawaambia kitu ambacho sijakiandika popote.

Septemba 10, 2011, nilikuwa nje, kituo changu cha mwisho. Meli ya Spice Islander iliondoka Unguja usiku kuja kwetu Pemba, ikazama karibu na Nungwi kabla ya kupambazuka. Mnaijua. Kwa saa zetu kule kulikuwa bado giza simu zilipoanza. Kila Mpemba mwenye namba ya mtu wa ubalozi alipiga. Nikakaa jikoni na simu mbili na kalamu. Kuna mzee mmoja, sauti yake naisikia mpaka leo. Hakuniuliza kama mwanawe yu hai. Aliuliza taratibu: "Jina lake limo?" Nikamuuliza limo wapi. Akasema: "Kwenye orodha."

Orodha. Waliokuwemo walikuwa wengi kupita idadi ambayo meli iliruhusiwa, wengi sana, na majina yaliyoandikwa hayakulingana na watu waliopanda. Nilimwambia nitamrudia. Nilimrudia mara nne siku ile, kila mara sina jina. Watu walijulikana kwa kukosekana: nyumba hii hawakufika wawili, nyumba ile watano. Pemba ilihesabu wafu wake kwa milango.

Chini ya mwaka mmoja baadaye, Julai 18, 2012, ikazama meli nyingine, Skagit.

Leo boti ni bora, tiketi yangu ina jina, kitambulisho kinaangaliwa. Alhamdulillahi. Lakini nikipanda bandarini Mkoani bado natazama ngazi ya boti, nahesabu wanaoingia kwa kidole mfukoni. Mke wangu ananicheka. Nikifika mia mbili huchanganyikiwa, naanza upya.

Basi ndiyo jibu langu kwa yule kijana wa barazani. Vipaumbele vyenu nimevisoma humu: bandari, uwanja wa ndege, uchumi wa buluu, katiba, Kiswahili. Vyote vizuri. Kiswahili hasa: Umoja wa Afrika umekifanya lugha ya kazi tangu 2022, tunacho cha kuuza, na wakalimani tuwasomeshe. Ila mie ningeanza na daftari lililoko mkononi mwa sheha, mwalimu, nahodha, mkulima wa mwani wa Jambiani na wa karafuu wa Konde. Liandikwe hapa, likae hapa, lisomwe na aliyeliandika.

Nyumba ya Mkuti

Mzee, umeme wa Pemba wa kutoka Tanga ule waya wa chini ya bahari, ni Norway walitoa fedha si ndiyo? Ile nayo ni kazi ya mabalozi?

Mstaafu wa Wete

Norway, ndiyo, 2010. Sikuhusika hata kidogo, usinipe sifa. Najua tu kwamba kabla ya hapo tulikuwa tukisikiliza majenereta ya Wesha kama mgonjwa, leo atakohoa au atalala. Na Unguja wenzetu mwaka 2008 walikaa gizani karibu mwezi mzima. Kilichonipendeza kwenye waya ule ni kwamba unaweza kuulizia: urefu, uwezo, umegharimu kiasi gani. Ombi lenye vipimo huwa jepesi kulikubali. Nimekaa upande wa kupokea maombi ya watu kutoka nyumbani, mengi yalikuwa na salamu kurasa mbili na hesabu hakuna.

Kijana wa Konde

Babu, mie nimekubali. Daftari nimenunua leo dukani, la mistari, shilingi 1,000. Naanzaje? Shamba ni la bibi, mikarafuu hatujawahi kuihesabu, kila mtu ana idadi yake.

Mstaafu wa Wete

Usianze na shamba. Anza na ya leo. Umechuma?

Kijana wa Konde

Juzi. Tumechambua usiku, zipo juani siku ya pili. Wachumaji watano.

Mstaafu wa Wete

Zipo wapi, kwenye lami au jamvi?

Kijana wa Konde

Jamvi babu! Lami bibi angenitoa roho.

Mstaafu wa Wete

Bibi ana akili. Andika: jamvi. Pishi ngapi mbichi, kila mchumaji zake, na umewalipa ngapi. Ukishakausha upime tena, uone zimeshuka kiasi gani. Huko kwenu mvua vipi? Hapa Wete naona wingu linajikusanya kaskazini.

Kijana wa Konde

Limeshatufikia, upepo umebadilika.

Mstaafu wa Wete

Sasa weye waandika nini humu? Weka simu, kaanue!

Kijana wa Konde

Nimeanua zote, zimepata matone mawili matatu tu. Juzi zilikuwa pishi 31 mbichi. Nimeandika. Makonyo sikuyapima, nilidhani hayana hesabu.

Mstaafu wa Wete

Wawi pana kiwanda kizima kinakamua mafuta ya makonyo. Yapime.